Nakshi za Viganja na Maradhi ya Ukoma

Kabla mtoto hajatoka tumboni mwa mama yake, kabla hajapewa jina wala kunyolewa nywele za kwanza, ncha za vidole vyake huwa zimekwisha kutiwa nakshi ambayo hana mwenziwe katika dunia nzima anayeshiriki naye. Kazi hiyo huanza takriban wiki ya 10 ya mimba, na mpango wake huwa umekwisha kutulia kabla ya mwezi wa saba. Na kuanzia hapo mpaka mauti, mwili ukue au ukonde, uwe na nguvu au uchakae kwa uzee, matuta yale madogo ya ngozi hudumu katika safu zilezile, yakigeuka hapa, yakigawanyika pale, yakikutana kwingine, wala jeraha dogo la juujuu haliyabadili, kwa kuwa asili yake i chini, mahali ambapo ngozi ya juu imeshikamana na ngozi ya ndani. Kwa sababu ya uthabiti huo, wataalamu wa karne ya 20 waliotaka kujua kama ukoma humchagua mtu kwa asili aliyozaliwa nayo walivitazama viganja, wakitumaini kwamba kitu kilichochorwa tumboni kingeweza kutoa habari za maradhi yatakayokuja miaka mingi baadaye. Nitaeleza walichokitafuta na walichokiona, maana ninaamini kwamba jambo kubwa katika habari hii halikuwa lile lililotafutwa.

Mji wa Moshi una haki ya kulisikiliza swali hili kuliko miji mingi ya Afrika. Juu kidogo ya mji, mahali ambapo ardhi huanza kupanda kuelekea vihamba vya migomba na kahawa, imesimama hospitali ya rufaa ya KCMC, iliyofunguliwa Machi 1971; na katika uwanja wake, tangu mwaka 1992, pana kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, ambacho mkuu wake wa kwanza alikuwa Profesa Henning Grossmann. Kituo hicho kilijengwa juu ya fikira nyofu, nayo ni kwamba katika nchi ambazo mabingwa wa ngozi huhesabika kwa vidole vya mkono mmoja, afadhali kumfundisha kwa miaka miwili afisa tabibu aliyekwisha kuishi na wananchi na kujua njia za vijijini, kuliko kuwaambia wagonjwa wamngojee bingwa asiyefika. Wanafunzi wamefika hapo kutoka nchi nyingi zilizo kusini ya Sahara, wakarudi makwao na elimu ya mabaka, vipele, vidonda na saratani za ngozi. Wengi wetu twakijua kituo hicho kwa mafuta yake ya kuwakinga ndugu zetu wenye ualbino na ukali wa jua. Lakini tangu siku za kwanza ukoma nao umekuwa miongoni mwa masomo ya lazima, kwa kuwa ni maradhi ambayo ngozi hutangulia kuyatangaza.

Si kwamba Kilimanjaro ndiyo makao ya ukoma. Mzigo mkubwa zaidi umekuwa katika mikoa ya kusini na ya pwani. Na katikati ya miaka ya 2010, nchi yetu iliposhiriki katika majaribio ya kuwapa jamaa na majirani wa wagonjwa dozi moja ya rifampisini ili kuwakinga, wilaya zilizoteuliwa zilikuwa Kilombero, Liwale na Nanyumbu. Mlima huu umejulikana zaidi kwa vita vyake dhidi ya kifua kikuu, ambavyo ngome yake ni Kibong'oto, hospitali iliyoanza kazi mwaka 1926. Hata hivyo vijidudu vya maradhi haya mawili ni vya ukoo mmoja, dawa iliyo kubwa katika tiba zao ni moja, na tangu mwaka 1977 taifa limeyaweka chini ya mpango mmoja, hata mratibu wa wilaya anayefuatilia makohozi ya mgonjwa wa kifua kikuu ndiye huyohuyo anayegusa mikono ya mgonjwa wa ukoma kuona kama ingali na hisi.

Elimu ya nakshi za vidole ina historia ndefu, nami nitaipita kwa haraka. Mwaka 1823 Purkinje, mwanachuoni wa Bohemia, aliyaeleza maumbo tisa ya matuta ya ncha za vidole bila kufikiri juu ya matumizi yake. Mwaka 1858 William Herschel, mtumishi wa serikali ya Kiingereza huko Bengal, alimtaka mwenye kandarasi aweke kiganja chake chenye wino juu ya mkataba. Mwaka 1880 Henry Faulds, tabibu aliyekuwa Japani, alichapisha fikira ya kuwatambua wahalifu kwa vidole. Na mwaka 1892 Francis Galton alitoa kitabu kizima juu ya jambo hilo. Mfumo ulioenea ulimwenguni ukachukua jina la Edward Henry, ingawa waliofanya kazi ngumu ya hesabu zake walikuwa Wahindi wawili, Azizul Haque na Hem Chandra Bose, ambao majina yao hayatajwi kwa kadiri wanavyostahiki. Tangu wakati huo maumbo hugawanywa katika makundi matatu makubwa: tao, ambalo mistari yake hupanda na kushuka upande wa pili, kitanzi, ambacho mistari yake huingia upande mmoja, ikazunguka na kurudi ilikotoka, na mzingo, ambao mistari yake hujifunga duara. Katika jamii nyingi zilizopimwa, vitanzi huwa asilimia 60 hadi 65 ya vidole vyote, mizingo 30 hadi 35, na matao kama 5 tu.

Kiganja nacho kina elimu yake. Chini ya kila kidole, isipokuwa gumba, pana mahali ambapo safu tatu za matuta hukutana na kufanya pembe, na pana mahali pengine kama hapo karibu na kifundo cha mkono. Mpimaji huchora mstari kutoka chini ya kidole cha shahada hadi kifundoni, na mwingine kutoka kifundoni hadi chini ya kidole cha mwisho, akaipima pembe iliyopatikana. Harold Cummins na Charles Midlo, walioupa utafiti huu jina la kitaalamu mwaka 1926, waliufanya uwe fani kamili ya tiba, na katika miaka ya 1930 Cummins alibainisha kwamba viganja vya watoto wenye dalili za Down vina mpangilio wa pekee unaoweza kutambuliwa hata kwa jicho. Ugunduzi huo ndio uliowasha tamaa. Ikiwa hali moja ya kuzaliwa nayo huonekana kiganjani, kwa nini zisionekane nyingine?

Swali lenyewe halikuwa la upuuzi. Kabla ya kumlaumu mtu aliyetafuta ukoma katika mistari ya mkono, yafaa kukumbuka kwamba watu walio wengi, takriban 95 katika kila 100, wana kinga ya asili dhidi ya kijidudu chake, na kwamba katika nyumba moja, chini ya paa moja, wakila chungu kimoja, mmoja huugua na sita wakasalimika. Wazee wetu waliliona jambo hilo, na kwa kukosa sababu nyingine wakadai kwamba ni laana ya ukoo au uchawi wa jirani. Na hata Ulaya, mpaka mwaka 1873 ambapo Gerhard Armauer Hansen alikiona kijidudu chenyewe katika mji wa Bergen, Norway, matabibu wengi mashuhuri walishikilia kwamba ukoma ni urithi wa damu. Walikosea kuhusu asili ya ugonjwa, lakini hawakukosea kabisa kuhusu udhaifu wa mtu mbele yake: uchunguzi wa familia za Vietnam na Brazil uliochapishwa mwaka 2003 na 2004 ulionyesha sehemu ya kromosomu ya 6 inayohusika, na mwaka 2009 uchunguzi mkubwa wa China ukaongeza jeni nyingine, nyingi zikiwa ni zile zinazoongoza ulinzi wa mwili.

Nazo nakshi za vidole zina urithi wake. Idadi ya matuta katika vidole kumi hufuatana kwa karibu mno kati ya pacha waliotoka katika yai moja, ijapokuwa nakshi zenyewe hazilingani hata kwao. Hii ni kwa kuwa jeni huweka kadiri na mwelekeo, lakini umbo la mwisho hutegemea pia yaliyojiri tumboni. Mwaka 2023 Denis Headon na wenzake wa Chuo Kikuu cha Edinburgh walieleza namna jambo hilo linavyotendeka: matuta huanzia mahali patatu katika ncha ya kidole, yaani katikati ya uvimbe wake, chini ya ukucha, na kwenye kikunjo cha kiungo, kisha huenea safu baada ya safu hadi yakutane, kama maji ya mifongo mitatu, ile mifereji ya kumwagilia, yaliyofunguliwa siku moja kuingia katika kihamba kimoja, na ni wakati wa kuanza kwa kila upande, pamoja na umbo la uvimbe, unaoamua kama pale yakutanapo patakuwa tao, kitanzi au mzingo.

Basi watafiti wa India, Brazil na kwingineko walichukua wino na karatasi, wakawaendea wagonjwa wa ukoma, wakapiga chapa za mikono yao, wakapiga na za watu wazima wa afya, wakahesabu. Wengine waliona mizingo ikizidi kwa wagonjwa, wengine wakaona vitanzi. Wengine walipata tofauti katika pembe ya kiganja, wengine hawakuipata. Nimekuja kuamini kwamba kutopatana huko si ajali. Kwanza, tofauti za nakshi baina ya jamii na jamii ni kubwa, na ndiyo maana wanataaluma Igbigbi na Msamati waliona haja ya kuwapima Wakenya na Watanzania na kuchapisha vipimo vyao mwaka 2005. Mtu asiyejua kwanza mikono ya wenyeji wenye afya ilivyo, atawezaje kusema kwamba mkono wa mgonjwa umekwenda kombo? Pili, idadi ya waliopimwa ilikuwa ndogo mara nyingi, na katika hesabu ndogo bahati hujifanya hoja. Tatu, na hili ndilo lililo zito kupita yote, ukoma wenyewe huila nakshi inayopimwa. Mpimaji akikuta kidole ambacho mistari yake imefifia, hana budi ama kukiacha, ama kukisia. Akikiacha, amewaondoa katika hesabu wagonjwa walioumia zaidi, na akikisia, ameandika dhana yake mwenyewe. Kwa njia zote mbili ushahidi umekwisha kuharibika kabla ya kufikishwa mezani.

Hapo ndipo swali lilipogeuka. Katika miaka ya 1930 Leonidio Ribeiro, tabibu wa mambo ya sheria na mkuu wa ofisi ya utambuzi mjini Rio de Janeiro, aliyatazama mabadiliko hayohayo, si kama kikwazo cha utafiti bali kama habari yenyewe, akabainisha kwamba ukoma huweza kuzigeuza chapa za vidole. Kwa ofisi ambayo msingi wake wote ulikuwa ni imani kwamba chapa ya kidole haibadiliki milele, hilo lilikuwa jambo la kushtusha. Kwetu sisi, ni mlango wa kuelewa jinsi maradhi haya yanavyofanya kazi.

Kijidudu cha ukoma ni kivivu kupita kiasi. Hujigawa mara moja tu katika muda wa siku 12 hadi 14, hakijapata kuoteshwa katika chupa ya maabara, na mtu aliyekipokea leo huweza kukaa miaka mitano, pengine ishirini, kabla ya kuonyesha dalili yoyote. Hupenda sehemu za mwili zilizo baridi kidogo, yaani ngozi, pua, masikio, mikono na miguu, na hupenda kuliko vyote mishipa ya fahamu ipitayo karibu na ngozi. Mshipa unaoumizwa mara nyingi zaidi ni ule upitao nyuma ya kiwiko, ambao mtu akijigonga husikia umeme hadi kidole cha mwisho. Ndiyo maana tabibu aliyefundishwa vema, kabla ya kuuliza maswali mengi, huingiza vidole vyake nyuma ya kiwiko cha mgonjwa kuona kama mshipa umevimba. Mshipa huo ukifa, kidole cha mwisho na nusu ya kidole cha pete hupoteza hisi, kisha vidole hivyo hujikunja kama kucha za ndege, na misuli midogo ya kiganja hukonda. Mshipa wa katikati ya mkono ukifuata, gumba, kidole cha shahada na cha kati navyo hufa ganzi.

Lakini mishipa hii haibebi hisi pekee. Ndani yake hupita nyuzi nyembamba zinazoamrisha tezi za jasho, na tezi hizo, katika viganja na vidole, hufungua vinywa vyake juu ya migongo ya matuta, safu kwa safu. Jasho hilo dogo tusilolihisi ndilo linaloiweka ngozi laini, ndilo linaloacha chapa juu ya bilauri, na katika vifaa vya siku hizi ndilo linaloisaidia mashine kusoma kidole. Nyuzi zikifa, jasho hukatika, ngozi hukauka, hupasuka, huwa ngumu, na matuta huanza kulala. Katika ukoma ulioenea mwilini vijidudu hujaa ndani ya ngozi yenyewe na kuifanya ivimbe na kunyooka, hata miinuko midogo ya ngozi ya ndani inayoyashikilia matuta kutoka chini hubanwa na kupotea. Na hapo alama iliyodumu tangu tumboni hufutika, si kwa kisu wala kwa moto, bali polepole, bila maumivu, na bila mwenyewe kujua.

Kisu na moto huja baadaye. Asubuhi za Julai huko Marangu au Uru, baridi inapoteremka kutoka kileleni na kila mtu akajongea mafigani, mkono usio na hisi hukaa karibu mno na kaa la moto, na mwenyewe huambiwa na harufu. Sufuria ya ndizi huepuliwa kwa vidole vitupu. Mundu wa kukatia majani ya ng'ombe hushikwa kwa nguvu kupita haja, kwa kuwa mkono usiohisi haujui kadiri. Pipa la pombe ya mbege hubebwa, lengelenge likatumbuka, na jembe likashikwa kesho yake juu ya kidonda kilekile. Daktari Paul Brand, aliyefanya kazi Vellore, kusini mwa India, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940, ndiye aliyeufahamisha ulimwengu wa tiba kwamba vidole vya mgonjwa wa ukoma havidondoki kwa kuozeshwa na ukoma: hupunguka kwa majeraha yasiyosikika na kwa usaha unaoingia mifupani, siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka. Uongo wa vidole kudondoka ungali hai hata leo katika masoko na vilabu vyetu, na umewatesa watu wengi kuliko kijidudu chenyewe.

Kwa hiyo, mtu akiniuliza kama mistari ya mkono humwambia tabibu nani atapata ukoma, nitamjibu kwamba kwa elimu tuliyo nayo haimwambii. Lakini akiniuliza kama mkono humwambia tabibu nani anao tayari, nitamjibu kwamba humwambia mengi, na mapema, ikiwa atautazama kwa makini. Baka lililopauka au lenye wekundu, ambalo pamba ikilipita mwenyewe hasikii, ni dalili. Kiganja kikavu upande mmoja na chenye unyevu upande wa pili ni dalili. Kidole cha mwisho kisichoweza kukaa sambamba na wenziwe ni dalili. Katika wakati huo dawa mseto, zilizopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1981 na kutolewa bila malipo tangu mwaka 1995, humponya mgonjwa kwa miezi 6 au 12 kwa kadiri ya ukoma wake, na mara baada ya kuanza dawa haambukizi tena. Na hata mshipa ulioanza kufa, ukitibiwa kwa predinisoloni kabla ya miezi sita kupita, aghalabu huweza kurudisha nguvu yake au sehemu yake. Baada ya hapo dawa huua kijidudu, lakini hairejeshi kilichopotea. Nchi yetu ilifikia mwaka 2006 kiwango cha kuhesabiwa kwamba ukoma si tena tatizo kubwa la afya ya umma, yaani chini ya mgonjwa mmoja katika watu 10,000. Hesabu hiyo ni ya kushukuriwa, ila haikuwahesabu wale waliopona vijidudu na kubaki na mikono iliyofutika.

Nao ndio ninaotaka kuwasemea. Zamani mtu wa namna hiyo alitengwa: Pemba palikuwa na kisiwa cha Funzi, Uganda palikuwa na kisiwa cha Bwama katika ziwa Bunyonyi, na Rufiji pana kijiji cha Kindwitwi, ambako padri wa Kianglikana Robin Lamburn aliishi na wagonjwa miaka mingi hadi kifo chake mwaka 1993. Kutengwa kulikuwa na ukatili wake, lakini katika vijiji hivyo hakuna aliyehitaji kuthibitisha kwamba yeye ni yeye. Leo hatumtengi mtu kisiwani. Twamwambia aishi miongoni mwetu, nalo ni jambo jema. Ila tumeufanya ulimwengu ambamo kila mlango unafunguliwa kwa kidole.

Si jambo geni kabisa mlimani. Tangu siku za chama kikuu cha ushirika cha KNCU, kilichoanzishwa mwaka 1933, wazee wasiojua kuandika walipokea fedha za kahawa na kutia dole gumba katika daftari, na karani aliyewajua kwa sura na kwa ukoo hakuhitaji kulitazama dole hilo kwa kioo. Dole lilikuwa adabu ya hati, ushahidi ulikuwa ni karani. Siku hizi ushahidi ni mashine. Daftari la wapiga kura la mwaka 2015 lilichukua alama za vidole. Kitambulisho cha taifa huchukua alama za vidole. Na mwaka 2019, mwezi wa Mei, ukaanza usajili wa laini za simu kwa kidole na namba ya kitambulisho cha taifa, ambao mwisho wake uliwekwa tarehe 20 Januari 2020, na baada ya hapo laini zisizosajiliwa hivyo zikaanza kuzimwa. Ni hatua yenye sababu, maana utapeli wa simu umewaliza wengi. Lakini simu katika nchi hii si ya maongezi tu: ni kibeti, ni benki, ni njia ya kupokea ada ya shule kutoka kwa mtoto aliye Dar es Salaam na nauli ya kwenda zahanati. Mtu ambaye kidole chake hakisomeki, akikosa njia nyingine, hana budi kumwomba mtoto au jirani asajili laini kwa jina lake. Na tangu siku hiyo fedha zake, siri zake na uhuru wake viko mkononi mwa mwingine, hata kama mwingine huyo ni mwema.

India, yenye wagonjwa wa ukoma wengi kuliko nchi yoyote, ilipoanza kuwapa watu wake namba ya utambulisho ya Aadhaar, iliamua kuchukua vidole kumi, mboni mbili za macho na picha ya uso, ili kimoja kikikosekana kingine kisaidie. Hata hivyo zilisikika habari za watu walioathiriwa na ukoma waliokosa malipo yao kwa sababu mashine haikuwakubali. Wapo wanaoshauri kwamba nasi tuwaandikishe kwa macho. Nakubali kwamba ni bora kuliko kukosa yote, lakini mwenye kuujua ukoma atasita kidogo, kwa kuwa maradhi haya hayaishii mikononi. Mshipa wa uso ukilegea, kope hazifungi, jicho hukauka na kupata vidonda. Uvimbe wa ndani ya jicho huweza kuiharibu hata ile duara yenye rangi ambayo mashine ingetaka kuisoma. Uso nao hubadilika: nyusi hunyonyoka, pua hubonyea. Kila alama ambayo mashine huitafuta mwilini, ukoma wa zamani usiotibiwa umekwisha kuipitia.

Kwa sababu hiyo sioni njia iliyo salama ila kuurudisha ushahidi wa binadamu pale mashine inaposhindwa, na kuurudisha kwa kanuni iliyoandikwa, si kwa huruma ya afisa aliye zamu siku hiyo. Vyombo vyake tunavyo. Kila mwananchi aijua barua ya utambulisho ya mwenyekiti wa kitongoji, na kila wilaya ina mratibu wa kifua kikuu na ukoma mwenye daftari la waliotibiwa. Afisa wa usajili, mashine ikishakataa mara ya kwanza, asimrudishe mtu nyumbani akaoshe mikono na kuipaka mafuta ili ajaribu tena juma lijalo, kwa maana jasho lililokufa miaka ishirini iliyopita halitarudi kwa kulowekwa. Bali afungue fomu iliyotengwa kwa hali hiyo, apokee hati ya mratibu inayoeleza mikono ilivyo, apokee barua ya mwenyekiti na sahihi za majirani wawili wanaomjua mwombaji, apige picha yake, aandike sababu kwamba vidole havisomeki, na ampe namba yake siku hiyohiyo, namba ambayo benki, kampuni ya simu na kituo cha kupigia kura watalazimika kuipokea bila kumtaka aweke kidole juu ya kioo.